Mashimo ya Sirikwa: Ukumbusho wa Wafugaji wa Kale wa Uasin Gishu

Msafiri atokaye Nakuru kwenda Eldoret hupita Cheptiret, mahali panapoanza njia ya kwenda Kesses na Chuo Kikuu cha Moi. Kushoto na kulia huona mashamba ya mahindi na ngano, ng'ombe wa maziwa malishoni, na nyumba zilizoezekwa kwa mabati. Haoni mnara wa zamani, wala magofu, wala ukuta wenye maandishi. Kwa hiyo watu wengi, hata baadhi ya wenyeji, hudhani ya kuwa nchi ya Uasin Gishu haina kitu cha kale cha kuonyesha wageni, na ya kuwa habari zake zilianza siku walowezi wa Kizungu walipokuja kuipima na kuigawanya. Dhana hiyo si kweli, nayo imekwisha kuwaletea wenyeji hasara kubwa, kama itakavyoelezwa.

Nchi hii inao ukumbusho wa kale, wenye umri wa miaka mia nane. Umo katika miteremko ya vilima, chini ya nyasi, na mara nyingi ndani ya mashamba ya watu. Ukumbusho huo ni yale mashimo mapana ambayo wazee huyaita mashimo ya Wasirikwa. Ili msomaji apate kujua thamani yake, yafaa kwanza kutazama jinsi watu wa nchi nyingine wanavyotunza kumbukumbu za vijiji vyao.

KANISA LA KIJIJI

Katika nchi ya Uingereza, vijiji vingi vina kanisa la mawe lililojengwa kati ya karne ya 11 na karne ya 15. Kanisa la namna hiyo ni nyumba ya sala, lakini pia ni kumbukumbu ya kijiji kizima. Ndani yake watoto wa kijiji walibatizwa, vijana walifungishwa ndoa, na nje yake wafu walizikwa, kizazi baada ya kizazi. Mwaka 1538, waziri wa Mfalme Henry wa Nane, jina lake Thomas Cromwell, aliamuru kila kanisa la mtaa liwe na daftari la kuandikia ubatizo, ndoa na maziko. Tangu wakati huo hata mkulima maskini asiyekuwa na shamba la kwake aliandikwa jina lake, na leo wajukuu wa wajukuu wake waweza kulisoma.

Moja la makanisa hayo liko katika kijiji kidogo kiitwacho Kilpeck, katika wilaya ya Hereford, karibu na mpaka wa Wales. Lilijengwa yapata mwaka 1140 kwa mawe mekundu. Chini ya paa lake, kuzunguka kuta zote, yamechongwa mawe madogo ya kuchukua mbao za paa, na katika hayo themanini na matano yamebaki hata leo. Juu yake mafundi walichonga nyuso za watu na wanyama wa kila namna. Liko jiwe lenye mbwa na sungura wakikaa pamoja kama marafiki. Watu hutoka nchi za mbali kwenda kuyatazama.

Walakini kuna jambo jingine katika Kilpeck ambalo wageni wengi hupita bila kuliona. Karibu na kanisa, upande wa malisho, ardhi haikukaa sawa. Ina matuta na mabonde madogo yaliyofunikwa kwa nyasi. Hayo ndiyo mabaki ya kijiji cha zamani. Kanisa lilijengwa kwa mawe, nalo limesimama. Nyumba za wakulima zilijengwa kwa miti na udongo, nazo zimeanguka, zikaacha alama katika ardhi tu. Wataalamu wa mambo ya kale wa Uingereza huzitunza alama hizo kama wanavyolitunza kanisa lenyewe, kwa maana ndizo zinazoeleza jinsi mtu wa kawaida alivyoishi: nyumba yake ilikuwa na ukubwa gani, njia yake ilipita wapi, na mifugo yake ililala wapi.

Afrika ya Mashariki nayo ina nyumba za ibada za zamani hizo hizo. Katika kijiji cha Kizimkazi, kusini mwa kisiwa cha Unguja, uko msikiti wenye maandishi ya Kiarabu yaliyochongwa ukutani, yanayotaja mwaka 500 wa Hijra, yaani mwaka 1107, na mpaka leo watu huswali humo. Katika nchi ya Ethiopia, huko Lalibela, yako makanisa kumi na moja yaliyochongwa chini ndani ya mwamba, nayo masimulizi ya nchi husema ya kuwa ni kazi ya Mfalme Lalibela, aliyetawala mwisho wa karne ya 12 na mwanzo wa karne ya 13.

Huku bara, katika nyanda za juu za Uasin Gishu, hapakujengwa kanisa wala msikiti katika karne hizo. Lakini watu walikuwapo, nao waliacha alama zao ardhini kama wale wakulima wa Kilpeck walivyoacha zao.

SURA YA MASHIMO

Mashimo ya Sirikwa yameenea katika sehemu kubwa ya nchi. Yako katika nyanda za juu za magharibi ya Kenya, tangu upande wa Mlima Elgon, kupita Uasin Gishu, mpaka upande wa Sotik. Tena yako katika Bonde la Ufa karibu na Nakuru. Kwa kawaida shimo huwa katika mteremko wa kilima, wala si juu kileleni wala chini bondeni penye maji. Umbo lake ni kama la bakuli au sahani. Upana wake ni mita 10 hadi 20, na kina chake aghalabu ni mita mbili na zaidi, ingawa mengi yamejaa udongo ulioletwa na mvua hata yakaonekana kama kibonde kidogo tu. Upande wa chini wa shimo, penye mteremko, huwa pana tuta au lundo lililoota nyasi.

Mara chache shimo huwa peke yake. Pengine yako matano au sita pamoja; pengine yamepita mia katika kilima kimoja. Katika sehemu zenye mawe mengi, kama Uasin Gishu na upande wa Elgon, mashimo mengi yalizungushiwa ukuta wa mawe yaliyopangwa bila kutiwa udongo wala chokaa katikati. Baadhi ya kuta hizo zilipangwa kwa ustadi, na nyingine kwa haraka tu. Jina lenyewe la mji wa Eldoret husemwa kuwa limetokana na neno la Kimasai lenye maana ya mto wa mawe. Basi si ajabu watu wa kale wa nchi hii kutumia kilichokuwa tele miguuni pao.

JE, WATU WALIISHI SHIMONI?

Wazungu wa kwanza walioandika habari za mashimo haya walishindwa kuyaelewa. Wengi walidhani ya kuwa yalikuwa ni nyumba, na ya kuwa Wasirikwa walikaa chini ya ardhi kama wanyama wachimbao mashimo. Wengine waliona kuta za mawe wakasema ya kuwa kazi hiyo haiwezi kuwa ya watu wa nchi, bali ni ya wageni fulani waliopita wakatoweka. Mawazo ya namna hiyo yalikuwa yameenea siku zile, na mara nyingi kitu chema kilichoonekana katika Afrika kilitafutiwa mwenyewe mahali pengine.

Ukweli ulipatikana kwa jembe na kwa subira. Miaka ya 1937 na 1938, Bibi Mary Leakey alichimba katika kilima cha Hyrax Hill, karibu na mji wa Nakuru. Baadaye, katika miaka ya 1950, Bwana Merrick Posnansky alichimba shimo moja huko Lanet, upande huo huo wa Nakuru. Kisha katika miaka ya 1960, Bwana John Sutton alitembea kwa muda mrefu katika nyanda za juu za magharibi, akiyapima mashimo na kuyachimba machache, na mwaka 1973 kikatolewa kitabu chake juu ya mambo ya kale ya sehemu hizo. Alirudi Hyrax Hill katika miaka ya 1980 kuchimba tena.

Kazi hiyo ilionyesha wazi ya kuwa shimo halikuwa nyumba. Lilikuwa zizi la ng'ombe.

Mpango wake ulikuwa hivi. Mwenye mji alichagua mteremko usiotuama maji. Alichimba upande wa juu, akautupa udongo upande wa chini, hata akapata uwanja wa duara uliozama katika kilima. Akauzungushia ua wa miti au ukuta wa mawe, na upande wa chini akaacha lango moja tu, jembamba, lenye ulinzi. Nyumba za watu zilijengwa nje ya ua, zikishikamana nao. Lakini nyumba hazikuwa na mlango wa nje; mtu aliingia kwanza katika zizi kwa lango lile moja, akapita katikati ya ng'ombe, ndipo akaingia nyumbani mwake kwa mlango wa pembeni. Kwa hiyo adui aliyetaka kumfikia mtu au ng'ombe alikuwa na njia moja tu, na njia hiyo ilikuwa chini ya macho ya wenyeji.

Kila mtu afugaye ng'ombe anajua jinsi zizi linavyokuwa wakati wa mvua. Samadi huchanganyika na udongo, na ng'ombe husimama katika tope. Wasirikwa walikuwa na taabu hiyo hiyo. Walilikwangua zizi na kuusukuma uchafu nje kupitia langoni, kwa kuwa mteremko uliwasaidia. Mwaka hata mwaka zizi likazidi kwenda chini, na lundo la nje likazidi kwenda juu. Ndiyo sababu ya shimo kuwa na tuta upande wa chini. Lundo lilipokuwa kubwa hata likaziba njia, mwenye mji aliliacha zizi lile akachimba jingine kando yake. Basi mtu akiona mashimo mia katika kilima kimoja, asidhani ya kuwa palikuwa na mji mkubwa wa mazizi mia kwa wakati mmoja. Aghalabu ni kazi ya baba, na mwana, na mjukuu, na kitukuu, waliokaa mahali pamoja na kuhama hatua chache chache kwa muda wa miaka mingi.

Hapa ndipo shimo linapofanana na kanisa la kijiji na daftari lake. Kila shimo katika kilima ni kama ukurasa mmoja, nao ukurasa ni kizazi.

WASIRIKWA WALIKUWA NANI?

Vitu vilivyopatikana katika kuchimba vyaeleza mengi. Imeonekana mifupa ya ng'ombe, mbuzi na kondoo. Vimeonekana vigae vya vyungu vilivyotiwa nakshi kwa kubingirisha kamba iliyosokotwa juu ya udongo ulio mbichi. Wataalamu huviita vyungu vya Lanet, na vingine vilikuwa na mikono ya kushikia na midomo ya kumiminia. Makaa ya meko yao yamepimwa umri kwa njia za kisayansi. Kwa jumla yaonekana ya kuwa mazizi ya namna hii yalitumika tangu yapata mwaka 1200 mpaka yapata mwaka 1700, na mahali pengine baada ya hapo.

Yafaa msomaji alinganishe miaka hiyo. Mafundi wa Kilpeck walipokuwa wamekwisha kulijenga kanisa lao, na mafundi wa Lalibela walipokuwa wakichonga mwamba, wafugaji wa nyanda hizi walikuwa wakichimba mazizi yao. Wote walikuwa watu wa zamani moja.

Wasirikwa walikuwa wafugaji hodari, na maziwa yalikuwa chakula chao kikuu. Hofu yao ilikuwa ni wizi wa ng'ombe wakati wa usiku. Zizi lililozama katika kilima halionekani kwa urahisi kutoka mbali, na ng'ombe waliofungwa humo hawawezi kutolewa ila kwa lango moja, tena kwa kupanda na kushuka. Kwa kuwazuia vijana wachache waliokuja kunyang'anya usiku, zizi hilo lilifaa sana.

Lakini katika karne ya 18 mambo yaligeuka. Makundi ya Wamasai yalienea katika Bonde la Ufa na katika nyanda za juu, nayo yalikuwa na vijana wengi waliopangwa kwa rika na waliopigana kwa pamoja. Mbele ya vita vya namna hiyo, zizi la shimo halikuwa ngome tena, bali lilikuwa mtego. Waliomo ndani hawakuwa na njia ya kutokea. Basi watu wakaacha kuyachimba. Wamasai walioitwa Uasin Gishu wakaishika nchi hii kwa muda, na jina lao, ambalo maana yake ni ng'ombe wenye mistari, likabaki kuwa jina la nchi hata leo. Katika karne ya 19 nao walishindwa katika vita na Wamasai wenzao na Wanandi, wakatawanyika.

Je, Wasirikwa walitoweka? Wazee wa Kinandi na wa makabila mengine ya Wakalenjin walisimulia tangu zamani ya kuwa Wasirikwa ndio walioikaa nchi kabla yao, na ndio waliochimba mashimo. Jina hilo wataalamu walilipokea kwa wazee, hawakulibuni wao. Lakini kuna koo katika Wakalenjin, na hata katika Wamasai, ambazo hujihesabu kuwa zimetokana na Wasirikwa. Bwana Sutton, baada ya kuyachunguza yote, alisema ya kuwa Wasirikwa hawakuwa taifa geni lililopotea, bali walikuwa mababu wa Wakalenjin wengi wa sasa, waliobadili namna ya kukaa na kujenga. Mtu akibadili nyumba yake, hajawa mtu mwingine.

NCHI ILIYOITWA TUPU

Sasa ndipo inapoonekana ile hasara iliyotajwa mwanzoni. Mwaka 1903, waziri wa makoloni wa Uingereza, Bwana Joseph Chamberlain, aliwapa viongozi wa Wayahudi wa Ulaya ahadi ya nchi katika Afrika ya Mashariki, ili wawape makao watu wao waliokuwa wakiteswa katika Urusi. Nchi iliyokusudiwa ilikuwa nyanda hizi za Uasin Gishu. Wajumbe watatu walitumwa kuja kuitazama, na mwaka 1905 mkutano wa Wayahudi ulikataa. Wala katika mambo hayo yote wenyeji hawakuulizwa neno. Ilionekana kana kwamba nchi haina watu.

Mwaka huo huo wa 1905, tarehe 19 Oktoba, kiongozi wa Wanandi, Koitalel arap Samoei, aliuawa alipokwenda kuonana na afisa wa Serikali kwa mapatano, na baada ya vita Wanandi walisukumwa katika mipaka waliyowekewa. Mwaka 1908 Makaburu kutoka Afrika ya Kusini, wakiongozwa na Van Rensburg, walifika kwa magari ya kukokotwa na ng'ombe, wakapewa mashamba. Mji uliota penye shamba la namba 64, na kwa muda mrefu watu waliuita Sikisti Foo, hata ulipopewa jina la Eldoret mwaka 1912.

Walowezi hao waliyaona mashimo. Walikata majani wakayakuta, walipitisha plau zao kando yake, na baadhi ya mawe ya kuta wakayatumia kwa kazi zao. Ushahidi wa kuwa nchi ilikuwa na wenyewe kwa muda wa miaka mia tano ulikuwa mbele ya macho yao, katika mashamba yale yale yaliyoitwa matupu. Lakini ushahidi usiosomwa haumsaidii mtu shaurini. Kama Uasin Gishu ingalikuwa na mnara wa mawe wenye tarehe ukutani, ingalikuwa vigumu zaidi kusema ya kuwa hapana watu waliopata kukaa hapa. Mashimo yalisema habari ile ile, lakini hapakuwa na mtu wa kuyasikiliza.

HATARI YA SASA

Baada ya Uhuru wa mwaka 1963, mashamba mengi ya walowezi yalinunuliwa na watu wa nchi, ama mmoja mmoja ama kwa vyama na kampuni za kununua mashamba, yakagawanywa. Watoto walirithi kwa baba zao, wakagawanya tena. Basi shamba lililokuwa la eka mia nyingi leo ni la eka tano, au mbili, au moja. Katika shamba kubwa shimo la Sirikwa halikumkera mtu; trekta ililizunguka, na ng'ombe wakalisha humo. Lakini katika shamba la eka mbili, shimo lenye upana wa mita 20 pamoja na lundo lake ni hasara inayoonekana kwa macho kila msimu wa kupanda.

Kwa hiyo mkulima hulijaza udongo, au hulisawazisha kwa trekta, au huyang'oa mawe yake akajengea msingi wa nyumba. Hapana haki ya kumlaumu kana kwamba ni adui wa mambo ya kale. Ana watoto wa kulisha na karo ya kulipa. Tena mara nyingi hapana mtu aliyepata kumwambia ya kuwa shimo lile ni kitu gani. Kanisa la Kilpeck halimpunguzii mtu gunia la mahindi. Shimo la Sirikwa humpunguzia mwenye shamba. Jambo hili lazima lisemwe wazi, kwa kuwa shauri lisilojali tumbo la mkulima halifuatwi.

Walakini jambo la pili nalo lisemwe wazi. Kanisa lililobomoka laweza kujengwa tena, maana mawe yake yaonekana na picha zake ziko. Shimo likilimwa mara chache tu, tabaka za udongo huchanganyika, makaa ya meko hutawanyika, vigae huvunjika, wala hapana fundi duniani awezaye kulirudisha. Ukurasa ule umechanwa.

YANAYOWEZA KUFANYWA

Hata mwenye shamba dogo aweza kufanya mambo kadha bila kupata hasara kubwa.

Kwanza, shimo na lisilimwe, bali liachiwe nyasi. Nyasi huushika udongo usichukuliwe na mvua, na mkulima aweza kukata majani humo kwa ajili ya ng'ombe wake wa maziwa. Kwa njia hiyo mahali palipokuwa zizi miaka mia tano iliyopita huendelea kulisha ng'ombe. Miti mikubwa isipandwe ndani yake, kwa kuwa mizizi huvunja vilivyomo chini.

Pili, mawe ya ukuta yaachwe mahali pake. Jiwe la kujengea msingi lapatikana kwingine, lakini mstari wa ukuta haupatikani tena.

Tatu, mtu asichimbe kwa kutafuta mali. Wasirikwa walizika taka na samadi katika malundo yao, wala utajiri wao haukuwa wa kufukia. Ulikuwa ukitembea kwa miguu minne. Atakayechimba atapata vigae, naye atakuwa ameharibu kwa bure.

Nne, atakayeona vigae, mifupa, au kitu cha kale wakati wa kulima au kuchimba msingi, avikumbuke vilipokuwa, kisha atoe habari kwa Makumbusho ya Taifa ya Kenya. Sheria ya Makumbusho ya Taifa na Urithi ya mwaka 2006 inamtaka mtu aliyegundua kitu cha namna hiyo atoe taarifa. Kwa watu wa Uasin Gishu, nyumba ya makumbusho ya Kitale si mbali. Makumbusho hayo yana asili yake katika mkusanyo wa Kanali Stoneham ulioanzishwa mwaka 1926. Na mtu afikaye Nakuru aweza kutembelea Hyrax Hill akaona mashimo yaliyochimbwa na kutunzwa.

Tano, kuna kazi ambayo haihitaji shamba wala trekta, nayo yawafaa hasa makarani, walimu na vijana waliosoma. Ni ile kazi aliyoiamuru Cromwell mwaka 1538: kuandika katika daftari. Katika kila mtaa yafaa daftari moja, nalo liandikwe kilima fulani kina mashimo mangapi. Yako katika shamba la nani. Yapi yana mawe na yapi hayana. Na wazee wa mahali pale wanasemaje juu yake. Mzee akitaja ukoo uliokaa kilimani zamani, jina hilo liandikwe, pamoja na jina la mzee mwenyewe na tarehe ya siku aliyosema. Daftari la namna hiyo laweza kuwekwa katika shule au katika ofisi ya chifu. Bei yake ni ndogo kuliko bei ya kilo moja ya sukari, lakini baada ya miaka hamsini hapana fedha itakayoweza kununua yaliyomo, kwa maana waliosema watakuwa wamekwisha kufa.

Watu wa Kilpeck hawakuwa matajiri. Kanisa lao limeendelea kusimama kwa karibu miaka mia tisa kwa sababu katika kila kizazi palikuwa na watu waliopanda juu ya paa kuziba penye kuvuja, na wengine walioandika majina katika daftari. Kazi ya kutunza shimo la Sirikwa ni nyepesi kuliko hiyo. Halina paa la kuziba, wala kuta za kupaka chokaa. Lataka tu mwenye shamba ajue ni nini, awaambie watoto wake, na siku ya kulima ageuze trekta hatua chache kabla ya kulifikia.